Saa Mbili za Salha

Bi Dhahabu binti Boga aliikubali kadi ya kaunti kwa sababu moja tu, na sababu hiyo hakumwambia mtu. Siku wakunga wa jadi wa Likoni walipoitwa ofisini kwa chifu wakaelezwa kwamba sasa watatambuliwa rasmi, wataandikwa majina, watavishwa kadi zenye picha na kuitwa wasindikizaji wa wajawazito, wenziwe waliuliza mengi. Waliuliza kama watapewa miavuli ya mvua, kama wauguzi wataacha kuwafokea, na kama binti zao wataruhusiwa kuzirithi hizo kadi. Yeye alingoja wamalize.

"Hii kadi yaniruhusu kuketi wapi?" akauliza.

Afisa wa afya ya uzazi, kijana wa Kisauni aitwaye Abdulaziz, alitabasamu. "Ndani, bibi. Utamleta mama, utaketi naye kwenye benchi la wadi ya wazazi mpaka aonwe na mkunga wa hospitali. Hakuna wa kukuzuia getini tena. Na mama uliyemleta aonwe kabla nusu saa haijapita. Ndiyo sharti tulilowapa wao."

"Hata zahanati ya Kwa Tangi?"

"Hata Kwa Tangi."

"Basi niandike."

Alikuwa na miaka sitini na minne wakati huo, mwembamba, mrefu, anayetembea huku mikono ameifunga nyuma kama mtu anayekagua shamba. Kazi alifunzwa na shangazi yake akiwa na miaka ishirini na miwili, katika Timbwani iliyokuwa bado mikorosho na minazi, kabla ya nyumba za kupangisha kujaa mpaka karibu na kivuko. Hakujua tarehe za watoto aliowapokea, ila nyuso zao alizijua. Akipita sokoni angemwona mwanamume mwenye ndevu anauza samaki na kukumbuka kwamba huyu alitoka na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Watoto watatu walimfia mikononi, na hao pia aliwakumbuka. Mama hakuwahi kumfia hata mmoja, mpaka Salha.

Salha alikuwa binti wa Mweri, dada yake Dhahabu wa tumbo moja. Yalitokea mwaka uliofuata ule ambao serikali ilitangaza kujifungua hospitali ni bure. Mweri alikuwa amekwenda Ukunda kwenye matanga, na Salha, mimba yake ya kwanza, alibaki chini ya mikono ya Dhahabu, khale yake. Mtoto, msichana, alitoka saa mbili asubuhi, mzima, analia vizuri. Kondo la nyuma ndilo lililokataa. Dhahabu hakulivuta. Shangazi yake alimfunza kwamba anayevuta anaua, na kwa miaka yote ile hajapata kulivuta. Alimweka mtoto kwenye titi, alingoja, na damu ilipoanza kuja isivyo kawaida alimwita Charo, dereva wa tuktuk aliyeishi nyumba ya pili, wakambeba Salha na mtoto wake na mashuka mawili.

Walifika Kwa Tangi saa tatu na nusu. Watu waliiita hivyo kwa ajili ya tangi la maji lililosimama juu ya wadi ya wazazi. Bawabu aliandika kwenye daftari lake la getini, kisha akasema kwa haya kwamba amri ya Sista Margret, msimamizi wa wadi, ni hii: mama aliyezalishwa nyumbani na mkunga aketi kwenye benchi la nje, walio ndani wamalizwe kwanza, ili wengine wapate funzo.

Waliketi. Dhahabu alisimama mlangoni mara tatu akiita, na mara tatu mlango ulifungwa. Alimkanda Salha tumbo, alimbana kwa mashuka, alimwambia asifumbe macho. Salha aliuliza kama mamake amesharudi. Baadaye akauliza tena, kana kwamba hajauliza. Saa tano na nusu Sista Margret alitoka, glavu mkononi, akatazama benchi na sakafu chini ya benchi, na Dhahabu aliona uso wake ukibadilika. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Ambulensi iliitwa ya kumvusha kwenda kisiwani, na Salha alikata roho ikiwa kwenye foleni ya feri.

Hayo Dhahabu angeweza kuyabeba. Kuna siku mkunga wa hospitali huelemewa, naye alilijua hilo kuliko wengi. Lililomkaa kooni lilikuja siku kumi baadaye, chifu alipoitisha baraza na kusoma ripoti ya zahanati mbele ya mtaa mzima. Ripoti ilisema kwamba marehemu aliletwa saa tano na nusu, akiwa ameshapoteza damu nyingi, baada ya mkunga wa jadi kulivuta kondo kwa mikono yake na kumchelewesha nyumbani. Saa mbili zile za benchi hazikuwamo. Zilikuwa zimeondolewa pale getini na kuwekwa nyumbani kwake.

Alisimama kusema. Chifu alimwambia akae. Vifaa vyake vililetwa uwanjani, beseni, nyembe mpya zikiwa kwenye karatasi zake, nyuzi, kanga mbili kuukuu za kupokelea watoto, vikachomwa moto. Alilala siku mbili katika seli ya polisi, akatoka kwa kutia kidole gumba kwenye karatasi ya kuahidi kwamba hatazalisha tena. Walimtaka dole gumba kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kama anajua kuandika.

Mweri hakumpokea. Dhahabu alimkuta mlangoni, akiwa na yule mtoto mchanga mgongoni, na dada mtu alisema neno moja, "Rudi," akafunga mlango. Nyumba zao zilitenganishwa na nyumba tatu tu. Kwa miaka kumi Dhahabu aliusikia mchi wa dada yake ukitwanga, alisikia sauti ya yule msichana, Nasreen, ikikua kutoka kilio mpaka maneno mpaka wimbo wa shule, na hakuna aliyemjia kumpa mkono wa Idi. Wanawake aliowazalisha walihama upande wa njia wakimwona. Aliishi kwa kusuka makuti. Vidole vilivyozoea kupapasa vichwa vya watoto tumboni vilisuka makuti miaka kumi, na kila alipokaza ukindu alimfikiria Margret.

Alimfikiria kwa mpango. Hakumwombea mauti, kwa kuwa mauti ni ya Mungu na humjia kila mtu. Alitaka Margret asimame mbele ya watu, isomwe karatasi juu yake, aambiwe akae.

Ndiyo maana aliipokea ile kadi. Na siku alipovishwa shingoni, alipitia dukani akanunua daftari la mistari na kalamu mbili.

Dhahabu hakukanyaga skuli ya serikali, lakini alisoma Kurani chuoni tangu utotoni mpaka akakhitimu, na kama mabibi wengi wa zamani wa pwani aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu. Barua zote za babake ziliandikwa hivyo. Sasa akawa anamleta mama Kwa Tangi, anamketisha, anafungua daftari, anaandika kutoka kulia kwenda kushoto: jina la mama, saa aliyofika, saa aliyoonwa, nani alimwona, alisemeshwa vipi. Saa aliitazama kwenye ukuta wa wadi wenyewe, ile ya zahanati, ili isije kusemwa kwamba saa yake ni mbovu.

Sista Margret alimtambua siku ya kwanza. Naye alikuwa ameongezeka umri, mwili umemjaa, miwani inaning'inia kifuani. Alisoma jina kwenye kadi, akatazama uso, akasema kwa Kiswahili chake cha bara kilicholainishwa na miaka ya pwani, "Karibu, mama," akapita haraka. Wiki iliyofuata akamuuliza muuguzi kijana, Achieng, "Yule mama anaandika nini kila siku?"

"Nadhani ni dua, Sista. Ni Kiarabu."

"Haya. Mwache aombe."

Dhahabu alisikia. Akaandika hilo pia.

Achieng alikuwa mkunga wa kusomea, miaka ishirini na sita, mwenyeji wa Kisumu, mwepesi na mpole. Alikuwa akimwita Dhahabu "dani", kama wanavyoita bibi zao kwao, na akimuuliza mambo ambayo chuo hakikumfunza: jinsi ya kumtuliza msichana wa mimba ya kwanza asiyetaka kuguswa, jinsi ya kujua kwa mkono kama mtoto amegeuka. Dhahabu alimjibu yote. Alimpenda, na saa zake pia aliziandika bila kumpunguzia. Achieng alikuwa akitoka ndani ya dakika kumi, na akichelewa husema sababu.

Margret hakusema sababu. Kwa miezi tisa Dhahabu alijaza madaftari mawili. Kulikuwa na mke wa mvuvi aliyefika saa nne kasorobo na kuonwa saa saba. Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na saba aliyeambiwa, "Ulipokuwa unafanya hukulia," akazalia kwenye benchi mikononi mwa Dhahabu mwenyewe, mbele ya mlango uliofungwa wa chumba cha kuzalia, na kwenye rejista akaandikwa amezalia wadini salama. Dhahabu alipomaliza kuandika la msichana yule alikaa kitambo akiwa amelishika daftari kwa mikono miwili. Alijua analo la kutosha. Na hakuona haya kwamba moyo wake, pale mama mwingine alipodhulumiwa, ulikuwa umeruka kwa furaha.

Sherehe ya kuwatambua wakunga ilifanywa uwanja wa mpira, asubuhi ya Jumamosi, chini ya mahema. Wakubwa wa afya walikuja, chifu alikuwapo, si yule wa zamani, na wakunga wa hospitali waliketi mstari wa mbele na sare zao kwa kuwa siku ile ilikuwa yao pia: hotuba zilisema kwamba mkunga ni taaluma yenye heshima yake mwenyewe, kwamba mwenye cheti na mwenye mikono ya urithi wote wawili wanashika uzi mmoja. Zahanati ya Kwa Tangi ilitajwa kwa kupokea akina mama wengi, na Sista Margret alisimama akapigiwa makofi. Kisha wakunga wa jadi waliitwa mmoja mmoja kupewa vyeti. Dhahabu, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, ndiye aliyepangiwa kutoa neno la shukrani.

Alikamata kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alitoa daftari ndani ya buibui.

"Assalamu alaikum. Nashukuru kwa hiki cheti," alisema. "Tuliambiwa mama tunayemleta aonwe kabla nusu saa haijapita. Nimeandika. Niruhusuni nisome."

Akasoma. Alisoma polepole, kama asomaye barua ya mtu mwingine, majina ya akina mama ameyaacha, saa na maneno ameyataja. Watu walidhani atasoma mawili matatu. Alipofika la tisa mwenye kuongoza shughuli alinyoosha mkono apokee kipaza sauti, na wanawake waliokuwa nyuma ya hema wakaanza kusema, "Mwacheni." Mmoja akainuka, mtoto begani, akasema, "Hilo alosoma ni langu. Ni kweli." Akainuka mwingine.

Sista Margret alisimama. Sauti yake ilikuwa imara. "Waheshimiwa, huyu mama hajui kuandika. Aliweka dole gumba polisi. Hayo ni maandishi ya hirizi, anajisomea anachotaka."

Abdulaziz alikuja mbele. "Niazime, bibi," alisema. Alilifungua daftari karibu na mwanzo, akatazama, na watu wakaona midomo yake ikisogea. Alikuwa amesoma chuo cha Kurani Kisauni, na babu yake aliandika vivyo hivyo. Kisha akasoma kwa sauti pale alipopafungua: tarehe, saa ya kufika, saa ya kuonwa, na neno lililosemwa. "Yule mama anaandika nini kila siku," alisoma. "Nadhani ni dua, Sista. Haya, mwache aombe."

Watu hawakucheka. Achieng alikuwa ameinamisha kichwa. Margret alibaki amesimama, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae, Dhahabu alimwambia.

"Keti, Sista. Bado moja."

Margret akaketi.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza ulikuwa wa Salha. Aliusema bila kuusoma. Alisema saa tatu na nusu. Alisema mlango ulifungwa mara tatu. Alisema ripoti iliandikwa saa tano na nusu, na kwamba bawabu wa siku ile alikuwa na daftari la geti, na kama serikali inamtambua kama ilivyotangaza asubuhi hii, basi daftari hilo litafutwe. Akatoa shukrani kwa niaba ya wenziwe, akarudi kwenye kiti chake. Kwenye kifua chake kulikuwa na utamu wa ajabu, kama wa mtu aliyekunywa maji baada ya kutwa nzima ya saumu.

Uchunguzi ulichukua wiki saba. Madaftari ya zamani ya geti yalipatikana ndani ya magunia kwenye stoo ya zahanati, mengine yameliwa na mchwa. La mwaka ule lilikuwa zima. Mstari ulikuwapo kwa mkono wa bawabu: tuktuk, mzazi mgonjwa, mtoto, mama mzee, saa tatu na dakika thelathini na tano. Charo aliitwa, akathibitisha. Sista Margret alivuliwa usimamizi na kuondolewa kwenye uzazi kabisa, akapelekwa upande wa Changamwe kukaa na dawa za stoo mpaka baraza la wauguzi liamue juu ya leseni yake. Dhahabu aliandikiwa barua yenye muhuri, kwamba ripoti ile imefutwa, kwamba marehemu alifikishwa kwa wakati uliotajwa getini, kwamba hakuna ushahidi wa mkunga kuvuta kondo.

Siku Margret alipokuwa anatoka, Dhahabu alikwenda Kwa Tangi bila mjamzito yeyote. Alisimama kwenye kivuli cha wadi akimtazama akipakia vitu vyake kwenye katoni, chupa ya chai, ndara za ndani, kalenda ya kanisa.

"Umekuja kunicheka, Bi Dhahabu," Margret alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kukuona ukitoka."

Margret aliweka katoni chini. "Siku ile nilikuwa peke yangu. Hilo hawakuliandika kwenye barua yako. Nilikuwa na mama wawili ndani, mmoja mtoto anakuja miguu mbele. Ningemwacha nani?"

"Usingemwacha mtu. Ungeandika hivyo. Nilikuwa peke yangu, nikachelewa. Mimi ningekuwa wa kwanza kukutetea."

"Wangenifuta."

"Ukaona nifutwe mimi."

Margret alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sare. "Na amri ya benchi," alisema kwa sauti ya chini, "niliagizwa na wakubwa. Tuliambiwa tuwatie woga wasizalie nyumbani. Lakini saa niliziandika mimi. Kila mwaka tarehe ile nakumbuka. Nisamehe, mama."

"Hapana," Dhahabu alisema.

Alilisema bila hasira. Neno hilo alilitunza miaka kumi na lilipotoka lilikuwa laini. Margret aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia, akainua katoni yake, akatoka getini kwa miguu kutafuta gari la kivuko.

Mwanzoni hakuletwa wa kuchukua nafasi yake. Achieng akawa peke yake. Dhahabu alipomleta mama Jumatatu iliyofuata walingoja kwa muda wa saa moja na nusu, Jumatano kwa saa mbili. Achieng alikuwa akikimbia kutoka kitanda hadi kitanda, na alipopata nafasi ya kufika kwenye benchi alisema, macho mekundu, "Dani, usiniandike leo."

"Nitakuandika," Dhahabu alisema, "na nitaandika kwamba uko peke yako." Akaliweka daftari pembeni, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaingia kumshikia mgongo mama wa pili wakati Achieng akimalizana na wa kwanza. Hakuruhusiwa kufanya hivyo. Hakuna aliyemkataza. Usiku huo aliandika ukurasa mzima, na Abdulaziz alipokuja akaukuta, muuguzi mwingine aliletwa baada ya siku nne.

Ile barua yenye muhuri ilikaa chini ya mto wake wiki mbili. Alikuwa amejiambia kwamba ataipeleka kwa Mweri siku ile ile, na kila asubuhi alipata udhuru. Mwishowe, Ijumaa moja baada ya swala ya adhuhuri, alivaa buibui jipya, akapita zile nyumba tatu, akapiga hodi.

Mweri alifungua. Alikuwa amezeeka kuliko Dhahabu alivyodhani, maana kumwona mtu barabarani kwa mbali si kumwona. Hakusema "Rudi." Alitazama barua, akarudi ndani akaacha mlango wazi, na Dhahabu akaingia akaketi kwenye mkeka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Dhahabu aliisoma barua yote, tangu nambari ya kumbukumbu mpaka sahihi, akiyafafanua yale maneno ya kiofisi. Alipomaliza aliikunja akaiweka mbele ya dada yake. Mweri hakuigusa.

"Nilijua," Mweri alisema.

"Ulijua nini?"

"Saa tatu na nusu. Charo alikuja kunambia tukiwa bado kwenye tanga la Salha. Alinambia la geti na la benchi."

Dhahabu alimtazama. Kitu kilichokuwa kifuani mwake tangu uwanja wa mpira, ule utamu, kiliganda. "Ulijua, na ukanifungia mlango miaka kumi?"

"Nilikufungia kwa langu mwenyewe." Mweri aliongea taratibu, kama aliyeshayapanga maneno zamani. "Nilipokuwa naondoka kwenda Ukunda nilikwambia nini, Dhahabu? Nilisimama pale ulipoketi. Nilikwambia uchungu ukimshika usingoje, mpeleke zahanati. Nilikuachia na nauli mkononi. Uchungu ulimshika saa ngapi?"

Dhahabu alinyoosha pindo la buibui lake.

"Nakuuliza. Wewe ni mtu wa saa."

"Kabla ya alfajiri," Dhahabu alisema.

"Na mtoto ametoka saa mbili. Ulikuwa na muda wa kwenda na kurudi mara kumi."

"Alikataa kwenda. Aliwaogopa wale wauguzi, walimtukana kliniki. Alinishika mkono akasema, khale, nizalishe wewe."

"Najua angesema hivyo. Alikuwa mtoto. Wewe ulikuwa mtu mzima, ukafurahi kuombwa." Mweri aliisukuma barua kwa ncha ya kidole mpaka ikamgusa Dhahabu goti. "Hii ni ya Margret. Umempata, na Mungu anajua nimefurahi, nimefurahi mpaka nikajificha chooni nikacheka. Lakini yako ataiandika nani?"

Nje kuna mtu alikuwa akiita mteja wa mihogo. Dhahabu alitafuta hasira, ile iliyomlisha miaka yote, aielekeze kwa dada yake, na ilikuja kidogo, ikapungua. Alitaka kusema kwamba kila mkunga angefanya vile. Alitaka kusema kwamba kondo lingeweza kukwama hata juu ya kitanda cha hospitali. Yote mawili yalikuwa kweli na hakuyasema.

Nasreen aliingia kutoka uani, miaka kumi na moja, mikono imejaa unga wa mahamri. Alimwona mgeni na kadi yake shingoni, akasita. Akamtazama nyanya yake kujua kama amri ya siku zote ingali pale.

"Mwamkie," Mweri alisema. "Huyu ndiye alokupokea."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Msichana alijifuta mikono kwenye leso, akaketi si karibu wala mbali. Alikuwa na paji la Salha. "Shuleni wanasema umemtoa kazi aliyemuua mamangu," alisema. "Ni kweli?"

Dhahabu alimtazama Mweri. Mweri alikuwa akitazama mlango.

"Nimemtoa kazi," Dhahabu alisema. "Na sijuti, na akirudi nitamtoa tena. Hilo ni moja. Liko jingine, na hilo hawawezi kukwambia shuleni kwa sababu tunalijua mimi na nyanyako tu." Aliichukua barua akaitia kifuani, akakaa sawa kwenye mkeka. "Mamako aliniamsha kabla ya adhana. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, hivi, na neno la kwanza nililotakiwa kumwambia ni twende."